Korodani ya mume wangu imevimba. Je, ametoka nje ya ndoa?

Shangazi, mume wangu ana miaka 68. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji wa goti, akawekewa mpira wa mkojo kwa siku tatu. Leo ni siku ya sita korodani yake ya kulia imevimba, ina moto, hataki hata shuka iiguse. Alinunua antibayotiki, akameza siku tatu, homa ikashuka, akaacha. Uvimbe bado upo. Usiku huamka mara nne kukojoa, ingawa hilo lilianza mwaka juzi. Dada yangu ananiambia korodani haivimbi bure, huo ni ugonjwa wa zinaa. Mume wangu anasema ni mshipa tu, utapoa wenyewe. Silali. Je, ametoka nje ya ndoa? Na mimi nikapime?

Dada yangu, pole sana. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: uvimbe wa korodani hausemi mtu amelala na nani. Kwa mwanamume wa miaka 68 anayeamka mara nne usiku, na aliyetolewa mpira wa mkojo juzi juzi, wa kushukiwa kwanza ni mkojo wake mwenyewe. Sikuapii kwamba zinaa haimo, maana uzee haumkingi mtu na kisonono wala klamidia. Lakini kipo kipimo cha kulijibu swali hilo, na mpaka majibu yatoke, usimhukumu kwa maneno ya dada yako.

Nyuma ya kila korodani pana mrija mwembamba uliojikunjakunja, unaitwa epididimisi. Ukinyooshwa hufika kama mita 6. Mbegu hukomaa humo, kisha hupanda kwa mrija mwingine unaopita kinenani na kuishia ndani ya tezi dume, pale ambapo njia ya mbegu na njia ya mkojo hukutana. Basi njia hiyo ambayo mbegu huipanda, bakteria waliomo kwenye mkojo huweza kuishuka. Hufikia epididimisi kwanza, na wasipozuiwa huingia kwenye korodani yenyewe. Ndiyo maana maumivu ya maambukizi haya kwa kawaida huanza nyuma ya korodani, upande mmoja, yakaongezeka kwa saa nyingi au siku kadhaa.

Kwa nini wazee? Tezi dume hukua kadiri umri unavyokwenda, na hubana mrija wa mkojo uliopita katikati yake. Mwulize mzee wako, kwa upole, hali ikoje akisimama chooni: je, husubiri kwanza ndipo mkojo uanze? Unatoka mwembamba, ukikatika njiani? Hujikamua, akadhani amemaliza, kisha matone yakadondokea kwenye suruali, na baada ya dakika kumi akahisi haja tena? Akijibu ndiyo, huenda kibofu chake hakiishi mkojo. Mkojo unaobaki ni kama maji ya mtungini yasiyomwagwa, bakteria huzaana humo. Anayepatikana mara nyingi ni E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo mkubwa wa mtu mwenyewe. Mpira wa mkojo humrahisishia safari, kwa kuwa bakteria hujenga utando juu yake na kupanda nao hadi kibofuni. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeingizwa kamera ya kibofu au kutolewa vinyama vya tezi dume kwa sindano. Mwenye kisukari naye hushambuliwa kwa urahisi zaidi.

Dada yako hajatunga. Kwa wanaume walio chini ya miaka 35, klamidia na kisonono ndivyo visababishi vikuu. Kosa ni kulichukua jambo la vijana na kumvika kila mzee.

Visababishi vingine ni vichache ila havifai kusahauliwa. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye epididimisi: uvimbe mgumu unaokua polepole bila maumivu makali, pengine ngozi ikatoboka na kutoa usaha, na mkojo ukaonyesha chembe za usaha huku maabara ikiotesha bila kuona bakteria wa kawaida. Hapo huombwa mkojo wa asubuhi na mapema, siku tatu mfululizo. Bruselosi huwapata wanaohudumia mifugo au kunywa maziwa mabichi. Matubwitubwi huvimbisha mashavu kwanza, korodani ikafuata. Na ipo dawa ya mapigo ya moyo, amiodaroni, inayoweza kuvimbisha epididimisi bila kijidudu chochote, kwa hiyo daktari aambiwe dawa zote anazotumia.

Sasa hizo siku tatu za vidonge. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Homa kushuka si kupona: bakteria wamepungua, hawajaisha, na waliosalia huweza kuwa ndio wagumu. Usaha huweza kujikusanya ukawa jipu, na jipu halitoki kwa vidonge peke yake. Tena dawa iliyomezwa nusunusu huweza kuwaficha bakteria maabara isiwaoteshe. Beba pakiti yake mwende nayo, daktari asome jina, nguvu ya kidonge na siku zilizomezwa.

Mwende leo au kesho asubuhi. Lakini msisubiri hata saa moja akiwa anatetemeka kwa baridi, akichanganyikiwa, akishindwa kabisa kukojoa, au ngozi ya mfuko wa korodani ikigeuka zambarau au nyeusi, ikinuka, ikatoa malengelenge, au maumivu yakatambaa kuelekea mapajani na tumboni. Hiyo huweza kuwa nyama inayooza kwa kasi, hasa kwa mwenye kisukari, na huua. Vilevile maumivu yaliyolipuka ghafla pamoja na kutapika huweza kuwa korodani iliyojisokota na kukatiwa damu. Ni nadra kwa wazee, lakini hutokea, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi.

Akifika, atapimwa amesimama na amelala. Daktari atalinganisha korodani zote mbili, atashika taratibu nyuma ya ile iliyovimba, atammulika kwa tochi kuona kama ni maji ya busha, atamwambia akohoe kutafuta ngiri, ndiyo huo mzee anaouita mshipa, na atagusa tumbo chini ya kitovu kuhisi kama kibofu kimejaa. Tezi dume hupimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mzee ajiandae kwa hilo asije akaondoka kwa hasira. Ifanywe kwa upole, tena bila kuikanda, kwani tezi yenye maambukizi ikiminywa huweza kumwaga bakteria kwenye damu.

Mkojo utachukuliwa kwenye vikopo viwili, na watu wengi hukosea hapa. Akae angalau saa nzima bila kukojoa. Mililita 20 hadi 30 za mwanzo kabisa ziingie kikopo cha kwanza, hizo ni za klamidia na kisonono. Kisha aachie kidogo uende chooni, akinge mkojo wa katikati kwenye kikopo cha pili kisichoguswa ndani. Huo ndio wa kuangaliwa kwa darubini na kuoteshwa, na majibu ya kuotesha huchukua siku 1 hadi 3. Dawa huanzishwa mara sampuli ikishachukuliwa, hubadilishwa baadaye ikibidi. Mkiambiwa kijiti cha kupimia mkojo kimeonyesha hakuna nitriti, kemikali inayotengenezwa na bakteria, msishangilie: mkojo huhitaji kukaa kibofuni kama saa 4 ndipo nitriti ionekane, na mtu anayekojoa kila mara hampi bakteria muda huo.

Ultrasaundi ya dopla huonyesha damu inavyopita. Kwenye maambukizi damu huwa nyingi kuliko kawaida. Kwenye korodani iliyojisokota huwa kidogo au haipo. Huonyesha pia jipu, na uvimbe mwingine uliojificha. Hili si la kupuuza, maana kwa wanaume waliopita miaka 60 saratani inayoongoza kwenye korodani ni limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili, nayo huweza kudhaniwa maambukizi yasiyosikia dawa. Ombeni kibofu nacho kipimwe baada ya kukojoa, ijulikane kimebakiza mililita ngapi. Damu ipimwe sukari, figo na chembe nyeupe. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, kisifanywe sasa, kwa sababu maambukizi hukipandisha na kuwatia hofu ya bure. Kisubiri angalau wiki 6 baada ya kupona.

Dawa itategemea majibu. Inayotolewa mara nyingi bakteria wa utumbo wanaposhukiwa ni levofloksasini, miligramu 500 mara moja kwa siku, siku 10. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 60 huweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, na kuvuruga sukari. Kisigino kikianza kuuma, aache na kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Nyumbani alale na taulo iliyokunjwa chini ya korodani, avae chupi inayobana kiasi, aweke barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 kwa mara. Maumivu na homa vipungue ndani ya siku 3, la sivyo arudi. Uvimbe wenyewe huweza kuchukua wiki kadhaa kuisha, ila ukibaki mgumu, ultrasaundi irudiwe.

Na wewe? Msikutane kimwili mpaka majibu yatoke. Kikopo cha kwanza kikiwa safi na cha pili kikiota E. coli, huna la kutibiwa. Kile cha kwanza kikionyesha klamidia au kisonono, mtatibiwa wote wawili, kila mmoja na dozi yake, na ndipo mzungumze. Hata hapo ujue klamidia huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, kwa hiyo haikwambii iliingia lini wala nani aliileta.

Mwende pamoja. Usimwambie unataka kujua alikokuwa, mwambie unataka kujua kwa nini kibofu chake kinamwamsha mara nne. Akirudia kwamba ni mshipa tu, mwambie hilo daktari atalijua mara moja, akimwambia akohoe.