Mkazo wa Kiingereza: kwa wanaoanza kuongoza wageni Bagamoyo

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni hapa Bagamoyo, Kiingereza chenu cha shule kinatosha kuanzia kazi. Kinachowaangusha wengi ni mkazo, yaani neno au silabi ipi itamkwe kwa nguvu zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia wageni kwamba nilipata English teacher mzuri sana. Mkazo nikautupa kwenye teacher, maana ndimi zetu zimezoea kuelemea mwishoni. Mama mmoja akaniuliza: huyo mwalimu alitoka mji gani wa Uingereza? Mwalimu wangu ni mtu wa Lushoto! Ukikazia teacher, unamtaja mwalimu ambaye ni Mwingereza. Ukikazia English, ni mwalimu wa Kiingereza. Ni kama sisi na baraBAra ya kupita magari, na baRAbara ya sawasawa.

Kiswahili kikiunganisha maneno, mkazo hukaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho: ga-ri-MO-shi. Kwa Kiingereza, mara nyingi kipande cha mwanzo ndicho kinachoubeba. Chukua woodcarving workshop, pale mnapowapeleka wageni kuona vinyago vikichongwa. Wengi wetu hutamka u-di-ka-vi-ngi wo-ki-sho-pu, silabi 9, kwa kuwa kila konsonanti tunaitafutia irabu ya kuiegemeza. Mwingereza ana 5 tu: wud-ka-ving-wok-shop. Uzito mkuu uko kwenye WUD, wok inapata mkazo mdogo, zilizobaki zinapita upesi. Gonga meza kwa kidole mara 5, pigo la kwanza kwa nguvu, kisha tamka ukifuata mdundo huo. Mimi nilifanya hivyo kila usiku mpaka ile d ikakubali kusimama bila u.

Ukifungua kamusi yenye matamshi, kistari cha wima huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake. Cha juu ni mkazo mkuu, cha chini ni mdogo. Nimewaona wengi wakikisoma kinyume, halafu wanailaumu kamusi.

Angalieni pia majina ya mahali. Old Fort, yaani Ngome Kongwe yetu, ni sifa na nomino tu, hayakuungana, kwa hiyo mkazo mkuu unakwenda Fort. India Street unaanzia mbele: IN-dia Street. Lakini njia ikiitwa Road badala ya Street, mkazo unahamia kwenye Road yenyewe.