Kwa mliooana karibuni: michango, zamu ya jumuiya na marafiki wanaoshinda sebuleni

Bwana Yesu asifiwe, mkuu.

Umeuliza mambo manne kwa mpigo. Ndoa ina miezi mitano, mmeingizwa kwenye magrupu ya michango hadi mshahara haufiki tarehe 20. Rafiki zako wa tangu ujanani wanashinda sebuleni na shemeji, mkeo, ameanza kununa. Mwezi ujao jumuiya, yaani waumini wa mtaa wanaosali nyumba kwa nyumba, inasali kwenu na hamjui pa kuanzia. Tena kila mmoja bado anahesabika kwenye kanisa lake la zamani. Nakujibu kwa hali ya Dar, vyumba viwili vya kupanga, wote wawili mnafanya kazi. Yote manne yanatoka mahali pamoja: watu wa nje wanaomba kabla ninyi wawili hamjakaa mkapatana mtatoa nini, lini na kwa nani. Ndiyo maana kila ombi linakuwa ugomvi mpya.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayouma zaidi.

Tuchukue mnaingiza 1,200,000 kwa mwezi mkiunganisha. Kodi ya 150,000 wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita kwa pamoja, yaani 900,000, na kwa waliohamia karibu na harusi inaiva sasa hivi wakati deni la ukumbi halijaisha. Kwa hiyo 150,000 inatoka kila mwezi siku ya mshahara na kuwekwa mahali ambapo simu ya mkononi haifiki kirahisi. Fungu la kumi 120,000. Wazazi wa pande zote mbili 100,000, nusu kwa nusu, na anayetuma kwa wakwe awe mkwe mwenyewe: wewe utume kwa wazazi wa mkeo, yeye atume kwa wazazi wako. Hilo dogo linajenga heshima kubwa. Baada ya hapo tengeni fungu la watu, 100,000: michango 60,000 na wageni 40,000. Zinabaki 730,000 za chakula, nauli, umeme wa LUKU, gesi, maji, vocha, deni na akiba. Fungu la watu likiisha tarehe 12, limeisha. Msilikopee kwenye chakula, na fungu la kumi msiliguse kulipia kadi ya harusi.

Sasa hiyo 60,000. Kwa mwaka ni 720,000. Toeni lile daftari la kamati yenu ya harusi (kama liko kwa mweka hazina, lifuateni wiki hii, maana madaftari hayo hupotea haraka) mgawe majina mafungu matatu. La kwanza ni waliokaa kwenye kamati yenu, ndugu wa damu na wasimamizi wenu wa ndoa. La pili ni waliowachangia kawaida. La tatu ni wale ambao mtu amechukua tu namba yako akakuingiza kwenye grupu. Kwa fungu la kwanza mkipanga harusi tatu za 120,000 ni 360,000. Inabaki 360,000, ambayo ni matukio 12 ya 30,000 kwa fungu la pili. La tatu mpeni pongezi na maombi, kisha mtoke kwenye grupu kwa adabu.

Kosa linalowaumiza vijana wengi ni ahadi. Grupu linabandika orodha ya majina kila asubuhi, fulani 200,000, fulani 150,000, na wewe unaona aibu unaandika 150,000 ambayo huna. Kamati inapanga bajeti kwa ahadi hizo: inalipa kianzio cha ukumbi, inamwagiza mpishi, inahesabu vinywaji. Usipolipa, shimo linaangukia bwana harusi wiki ya mwisho. Rafiki atasahau kwamba ulitoa 30,000, lakini hatasahau kwamba uliahidi 150,000 akakufukuzia hadi siku ya harusi. Kwa hiyo msiahidi. Tumeni taslimu kwa mweka hazina siku ile ile mliyopatana, kisha umwandikie mwenye harusi binafsi: "Hiki ndicho Mungu alichotujalia, tunawaombea." Mkiulizwa nyongeza, jibu ni lile lile.

Angalieni pia jinsi bibi harusi mmoja anavyochangisha nyumba moja mara tatu: kitchen party, send-off, harusi. Kila moja ina mchango wake, sare yake ya kitenge, fundi wake na nauli ya bajaji ya kurudi usiku. Kwa mtu wa fungu la pili chagueni moja tu, na uamuzi huo mwachie mkeo kama ni rafiki yake. Kadi ya watu wawili si lazima kwa kuwa mmeoana. Kamati nyingi zina kiwango cha kadi ya mmoja na cha wawili. Mmoja wenu akienda, salamu za nyumba nzima zimefika.

Msiba msiuweke kwenye hesabu hii. Wekeni kando hata 20,000 kila mwezi kutoka kwenye akiba, na muwahi kwenda mwenyewe. Kwenye msiba uwepo wako unapimwa kabla ya bahasha yako.

Kama mko wanandoa rafiki, tuseme wanane au kumi, anzisheni kikundi cha kufaana chenye katiba ya ukurasa mmoja. Iandikwe matukio ni yapi hasa: uzazi, ndoa ya mwanachama, msiba wa mwenzi, mtoto au mzazi wa kumzaa. Kiandikwe kiasi, siku za kulipa tangu tukio, na anayekosa mara ngapi anatoka. Vikundi hivi huvunjika kwa sababu mbili. Ya kwanza, orodha ya matukio inaongezeka kwa huruma (leo kipaimara, kesho mahafali, keshokutwa msiba wa shangazi wa mume) hadi mchango unawashinda wenye kipato kidogo nao wanaondoka kimyakimya. Ya pili, pesa inakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, wasiwe wa nyumba moja.

Marafiki zako, mkuu. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona ndoa changa zinachakaa kwa jambo hili. Kwenye vyumba viwili, sebule ikijaa wanaume, mkeo amefungiwa chumbani: hawezi kwenda bafuni bila kujitanda, hawezi kulala mapema, na anapika sahani ambazo hazikuwa kwenye hesabu. Mechi za Ulaya zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, wageni wanaondoka saa 7, naye daladala ya kazini anaipanda saa 11 alfajiri. Tazameni mechi hizo kwa rafiki ambaye hajaoa. Soma Kumbukumbu la Torati 24:5: aliyeoa karibuni alipumzishwa vita mwaka mzima akae nyumbani amfurahishe mkewe. Kama vita ilimsubiri, ligi itasubiri.

Kuwaambia ni kazi yako wewe. Rafiki wa mume anaambiwa na mume, rafiki wa mke anaambiwa na mke. Usitamke "mke wangu hapendi"; ukishasema hivyo umempa mkeo maadui watano kwa sentensi moja. Sema "tumepanga": tumepanga wageni wetu ni Jumapili baada ya ibada ya pili, karibuni chakula cha mchana, saa 12 jioni tunapumzika kwa ajili ya Jumatatu. Anayekuja siku nyingine apige simu kwanza. Chakula chenyewe kiwe cha kawaida. Pilau ya watu kumi ni mchele kilo moja na nusu, nyama kilo moja na nusu, kachumbari ya nyanya kilo moja. Wewe ndiye utakayekata vitunguu na kuosha vyombo. Mkifanya mara mbili kwa mwezi, ile 40,000 ya wageni haifiki, kwa hiyo iwe mara moja, na mara ya pili mle kwao.

Rafiki wa jinsia nyingine wa zamani aje kwa wote wawili au asije. Simu za faragha usiku zikome, bila kusubiri mwenzako alalamike.

Mkigombana, mlango wa kwanza ni wasimamizi wenu wa ndoa, na mwende wote wawili. Grupu la marafiki si mahali pa habari za chumbani.

Zamu ya jumuiya isiwatie hofu. Kwanza mpigie mwenyekiti umuulize utaratibu wa chakula. Zipo jumuiya zilizokubaliana kwamba mwenyeji hatoi chochote, ili asiye nacho asiogope kupokea ibada. Kama ndivyo ilivyo kwenu, mkiandaa supu na chapati mmeweka mzigo kwa mjane atakayefuata baada yenu. Fuateni utaratibu hata kama mnaweza zaidi.

Kama chai inaruhusiwa, kwa watu 20 pikeni hivi: maji lita 3, maziwa lita 2 na nusu, majani vijiko 6 vya chakula, tangawizi mbichi gramu 100 iliyotwangwa. Tangawizi ichemke kwenye maji peke yake dakika kumi kabla ya maziwa kuingia. Ikiingia mbichi kwenye maziwa, yanakatika, kwa sababu ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na moto ndio unaokiua. Sukari nusu kilo iwekwe pembeni, maana wazee wengine wana kisukari. Maandazi mawili kwa mtu ni unga kilo moja na nusu, sukari gramu 250, hamira kijiko kimoja na nusu cha chakula, iliki, na tui kiasi cha robo tatu ya lita, vuguvugu tu. Tui la moto linaua hamira na maandazi yanatoka kama mawe. Moto wa kukaangia uwe wa wastani: mafuta yakiwa makali, nje huungua na ndani hubaki unga, yakipoa, andazi linakunywa mafuta.

Kama ibada ni Jumamosi saa 12:30 asubuhi, viti viazimwe Ijumaa jioni. Kitanda kirefu cha chumbani hakihusiki, fungeni mlango wa chumba. Sebuleni ondoeni meza kubwa na mtandike mkeka ukutani kwa vijana na watoto. Meza ndogo, kitambaa cheupe, Biblia. Wakatoliki huongeza msalaba na mshumaa. Mmoja wenu asome somo, mwingine apokee watu mlangoni. Televisheni izimwe, na jirani wa ukuta wa pili aarifiwe jana yake kwamba kutakuwa na nyimbo.

Hamkuuliza sala ya wawili, lakini nitaigusa. Isogezeni kabla ya televisheni na simu, mara tu baada ya kula, dakika 15, mkipokezana kuongoza. Sala ya kitandani mara nyingi huishia usingizini.

Mwisho ni barua, na hili msilicheleweshe. Mkiendelea kusali kila mmoja alikotoka, hamna jumuiya inayowajua kama nyumba moja. Mtoto akija, ubatizo unaombwa kwa barua au uthibitisho wa jumuiya, na hapo ndipo mnaanza kukimbizana na katibu wa usharika wa zamani. Amueni mtasali wapi, mwenye kuhama achukue barua ya uhamisho, bahasha ya ahadi ya sadaka iandikwe upya kwa majina ya wote. Kwa Wakatoliki ndoa huandikwa pia kwenye daftari la ubatizo la parokia mtu alikobatizwa, kwa hiyo hakikisheni taarifa imefika huko. Cheti cha ndoa cha serikali mtakihitaji kumwingiza mwenzi kwenye bima ya afya, toeni nakala tatu au nne mapema. Jumapili hii baada ya ibada muoneni mzee wa kanisa wa mtaa wenu, wote wawili, mkiwa na nakala hiyo pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo na kipaimara.