Makato yamekatwa mara mbili

SWALI: Shikamoo kaka. Natunza mfumo wa malipo ya wakulima wa chai hapa Tukuyu. Mwezi uliopita hesabu zilikuwa sawa. Sasa makato ya mbolea yanakatwa mara mbili. Tangu hapo tumeingiza mabadiliko kama 800, na kila mtu anasema si yeye. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Acheni kwanza kushikana uchawi, Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya mfumo wenu, itawaonyesha badiliko lililoharibu. Andika git bisect start, halafu git bisect bad kwa toleo la leo, na git bisect good pamoja na jina la toleo la mwezi uliopita. Itakupeleka katikati. Jaribu malipo ya mkulima mmoja, jibu git bisect good (sawa) au git bisect bad (mbovu), nayo itaondoa nusu isiyohusika, kisha unarudia. Mabadiliko 800 huisha kwa majaribio kama 10 tu.

Mimi sijibu kwa mkono. Naandika jaribio dogo linalorudisha 0 makato yakiwa sahihi, 1 yakikosewa, nalikabidhi kwa git bisect run, naenda zangu kula. Jaribio liweke nje ya folda ya mradi. Na hifadhidata iwe ya majaribio, tafadhali. Pesa za watu hizo! Ukimaliza, git bisect reset ikurudishe ulipoanzia.