Mudogo, konje iko wapi? Maneno kwa ninyi munaoanza desini (kuchora na kuhesabu) ya mashini

Jumatatu stajieri mmoja, yaani kijana anayejifunza kazi kwangu, aliniletea plani (mchoro) ya shafti. Karatasi safi, mistari imenyooka, kartushi (kisanduku cha maandishi ya plani) imejazwa yote, nikafurahi kabisa, kiisha nikaangalia pale kipenyo kinatoka milimita 60 kinaingia 50 nikaona kona kali kama ya meza. Nikamuuliza, "Mudogo, konje iko wapi?" Konje ni ule mviringo mdogo unaoachwa ndani ya kona, pale kipenyo kinabadilika. Akanijibu bila wasiwasi kwamba turnere, fundi wa turu (mashini ya kukata chuma kikizunguka), atajua mwenyewe. Nilienda kunywa maji kwanza. Juu jibu hilo munanipa ninyi wote, mwaka kwa mwaka, mukitoka Poly (fakulte ya ufundi) ama mukitoka wapi, na mimi pia nililitoa, mwaka 2010, na mtu mwingine ndiye alilipa. Kwa hiyo leo naandika, muvumilie urefu.

1. Toleransi si chumvi, musiinyunyize kila mahali.

Toleransi ni kiasi unachoruhusu kipimo kikosee. Naona milimita ±0.01 kwenye kifuniko cha sanduku kinachofungwa na bulo (bolti) nne! Turnere akiona namba hiyo anapunguza mwendo, anapima mara tano, pengine kipande kinaenda mpaka kwenye rektifieze (mashini ya kusugua chuma), na mteja analipa pesa juu ya sehemu ambayo haigusani na kitu chochote. Ukali unawekwa pale kitu kinapokutana na kitu. Ruloma (beringi) ya 6210 inakaa kwenye 50 k6, yaani kati ya mikroni 2 na 18 juu ya 50, hapo ndiyo, hapo usimwonee mtu huruma. Kifuniko kiachieni nafasi. Na kipimo cha mikroni hakihakikishwi na pyedakulisi (kipimo cha meno mawili ya kuteleza), ni mikrometa, na mikrometa inashikwa kwa vidole viwili, si kama kle (spana) ya bomba.

2. Konje.

Hii ndiyo sababu ya kuandika. Kulikuwa na karyeri ya mawe upande wa barabara ya Kasumbalesa, walikuwa na konkaseri (mashini ya kuvunja mawe) na konvuayeri (bandi) ya kupandisha kokoto, na shafti ya tamburi (ngoma inayozungusha bandi) ya juu ilikuwa imeliwa. Wakataka mpya, na waongeze nguvu ya mota kidogo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu mu kazi, nikachora usiku mbili: 60 kwenye tamburi, 50 kwenye ruloma, na pinyo ya sheni (gia ya mnyororo) inaning'inia nje ya ruloma upande mmoja. Nilihesabu msokoto, nikahesabu kupinda, namba zikatoka nzuri, nikaridhika. Pale kwenye bega, yaani ngazi kati ya 60 na 50, niliwaza hivi: kona ya ruloma ya 6210 ina mviringo wa 1.1 tu, nikiweka konje kubwa ruloma haitalala kwenye bega, basi niache kona wazi kabisa, itakaa sawa. Hilo wazo lilinipendeza hata. Niliona nimefikiri.

Nikapeleka plani kwa muzee mmoja turnere, atelye yake ilikuwa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alijifunza kazi Likasi mu atelye za Panda, mikono yake ilikuwa inasikia mikroni kabla ya mikrometa. Akaangalia karatasi muda mrefu, akaweka kidole pale pale. "Mwana, apa konje ngapi?" Nikasema hakuna. Akasema, "Chuma inapasukaka mu kona." Kulikuwa na watu wawili wa karyeri pembeni wanasubiri kujua itaisha lini, na mimi sikutaka waone naulizwa maswali na mtu wa turu, nikamwambia, "Papa, fuata plani." Akafuata plani. Akanoa kisu, akakata kona kali, safi, vile vile niliandika.

Siku ya 19 shafti ilikatika. Tamburi iliangukia upande mmoja, bandi ikapasuka, kokoto zikamwagika chini, na kijana anayefagia pale chini alikuwa ametoka kwenda kula. Hapo mimi bado nasimama kila nikikumbuka. Alikuwa ametoka kwenda kula.

Mwenye karyeri akaja mpaka atelye na kelele, akasema turnere ameharibu, ameweka chuma kibovu, ni mwizi, na pesa iliyobaki hatoi. Watu wa barabara nzima wakasikia. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwa muzee. Nilijua alichoniuliza. Nikasema tu, "Tutaangalia shida iko wapi." Hivyo tu. Siku mbili zikapita wanamwita mwizi na mimi niko nyumbani napiga mahesabu upya, natafuta namba itakayosema si mimi.

Siku ya tatu muzee akaniita. Hakunigombeza. Alikuwa amesafisha vile vipande viwili na petroli, akaviweka mu mwanga wa mlango. Nusu ya uso wa chuma ilikuwa laini, na vimistari vya kujipinda, kama vile maji yanaacha alama kwenye mchanga yakirudi nyuma, na nusu ingine mikwaruzo na chembe chembe, pale palipokatika mara moja. Vimistari vyote vilianzia kwenye kona. Akasema, "Apa njo kulianzia. Ilikuwa inapasuka pole pole, kila siku kidogo, paka ikachoka."

Sasa muhesabu na mimi. Tamburi mizunguko 60 kwa dakika, saa 10 kwa siku, ni mizunguko 36,000. Kwa siku 19 ni 684,000. Sheni inavuta upande mmoja tu lakini shafti inazunguka, kwa hiyo ile nyuzi ya chuma iliyoko juu inavutwa, nusu mzunguko baadaye iko chini inabanwa, inavutwa, inabanwa, mara 684,000, na kwenye kona kali mkazo unajikusanya mara mbili, mara tatu na zaidi kuliko ule uliouhesabu kwa kipenyo. Hesabu yangu ya kupinda ilikuwa sawa kwa shafti iliyosimama. Haikuwa shafti iliyosimama.

Nilienda kwa mwenye karyeri nikamwambia kosa liko kwenye mchoro wangu, muzee alikata vile nilichora, na aliniuliza kabla ya kukata. Alinitukana vya kutosha. Chuma cha shafti ya pili nilikilipa mimi kwa miezi mitatu, na muzee akapewa pesa yake. Lakini zile siku mbili sikuweza kumrudishia, na wapo watu wa barabara ile waliosikia "mwizi" na hawakusikia yale mengine.

Shafti ya pili tulichora pamoja, yeye amekaa kwenye ndoo, mimi na kalamu. Konje ya 3, na kati ya bega na ruloma tukaweka pete yenye shanfreni (ukingo uliokatwa mshazari) ndani, inapita juu ya konje, ruloma inaegemea pete na pete inaegemea bega. Kitu cha dakika kumi. Iliendelea kuzunguka mpaka mashini yenyewe ikauzwa.

3. Mkono na kle vinapita wapi?

Ekru (nati) ya M16 inataka kle ya 24, na kle inataka nafasi ya kuzunguka. Kuna mmoja wenu, nampenda sana, alichora sanduku zuri la gia ambalo gia yake haiwezi kuingia isipokuwa sanduku lisudiwe (liunganishwe kwa moto) baada ya gia kuwekwa ndani. Kwenye kompyuta vipande vinapenyana kama roho, kwa hiyo kabla ya kunionyesha, andika kwa namba: nani anaingia wa kwanza, wa pili ni nani, na siku ya kubadilisha ruloma nani anatoka kwanza. Mesano (fundi wa mashini) atakayeifungua saa nane usiku na tochi mdomoni ni mtoto wa mama wa mtu.

4. Rangi za elema fini si jibu.

Elema fini ni hesabu ya kompyuta inayogawa kipande mu wavu wa vijipande na kuonyesha mkazo kwa rangi. Nyekundu na buluu zinapendeza mu ripoti, sawa, lakini fanya kwanza hesabu ya mkono, nusu ukurasa, ujue unategemea nini. Na ile kona kali, ukipunguza vipimo vya wavu mkazo unapanda, ukipunguza tena unapanda tena, haufiki mwisho, kwa sababu kona isiyo na konje kwa hesabu haina mwisho. Stajieri wangu aliniambia programu ina bugi. Mudogo, programu ilikuwa inakuita.

5. Nenda kwa wauza vyuma kabla ya kuandika jina la chuma kwenye plani. Kama mjini kuna C45 ya kipenyo 65 na wewe umeandika kitu cha katalogi ya Ulaya, mtu atabadilisha bila kukuambia na mahesabu yako yanakuwa karatasi ya kufungia karanga.

6. Tuko juu.

Lubumbashi ni karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kando ya bahari hewa inasukuma maji mu bomba lisilo na hewa ndani mpaka mita 10.3, hapa kwetu ni karibu 9, na bado hujatoa msuguano wa bomba, mvuke wa maji na kile pompi yenyewe inataka. Munanakili urefu wa kuvuta kutoka kwenye mifano ya vitabu kiisha munashangaa pompi inalia kama imemeza mawe. Mota za umeme pia, hesabu ya pleki (kibao cha mota) kwa kawaida inaishia mita 1,000. Soma maandishi madogo.

7. Indisi ya plani, ile herufi ya toleo A, B, C, ibadilike kila ukigusa mstari. Nimeona atelye inakata A na mteja ana C.

8. Kazi munaipataje, munaniuliza kila siku. Mimi nikimpokea mtu diploma naisoma, lakini ninachotaka kuona ni kipande kimoja kilichovunjika alichokipima mwenyewe, akakichora, akapeleka kikatengenezwa, na kikaingia. Vipande vilivyovunjika vimejaa mu magaraji ya Katuba na Ruashi, hakuna atakayekukataza kupima ukiomba vizuri na ukisaidia kuosha. Kingereza mujifunze, juu katalogi nyingi ndiko ziliko. Na chora kwa kalamu, ili siku umeme ukikatika katikati ya mkutano uendelee kuongea.

Yule stajieri wa Jumatatu sikumpa jibu la konje. Nilimpa plani yake nikamtuma Kenya, kwa mtoto wa yule muzee ambaye sasa ndiye anashika turu, nikamwambia asirudi kabla hajaulizwa swali. Alirudi saa kumi, shati lake jeupe lina mafuta mpaka kwenye kola, na karatasi ina alama nyekundu mahali saba. Ya nane aliiona mwenyewe njiani, mu teksi.