Wewe mtu mzima unayetafuta kambi ya snoubodi, uliza haya kabla hujatoa hela

Nianze na mimi ni nani, ujue unaongea na mtu wa aina gani. Nimekulia Moshi, theluji nilikuwa naiona pale juu Kibo kila asubuhi nikienda shule na sikuwahi kuigusa, nimekuja kuigusa Denver, jimbo la Colorado huku Marekani, nikiwa na miaka 29, tena kwa kuteleza nayo mlangoni kazini mkononi nina hotpoti ya wali. Snoubodi, yaani kuteleza kwenye theluji umesimama juu ya ubao mmoja miguu yote imefungwa, nimeanza na miaka 31 kwa kufuata mkumbo wa jamaa wa zamu yangu. Sasa hivi nina 37, nimeshaenda kambi tatu za watu wazima, moja ilinivunja mkono, moja ilikuwa pikiniki tu ya kupiga picha, na ya tatu ndo ikanifundisha. Kwa hiyo haya maneno nimeyalipia.

Naongea na nyie ambao kushuka mnashuka, mteremko wa bluu, ule wa ugumu wa kati, mnaumaliza bila kukaa chini, ila mkiwaona wale wanaopanda na ubao juu ya reli za chuma na kuzunguka hewani roho inawauma. Yaani mnataka fristaili. Kama bado unashuka kwa kisigino tu, unayumba kushoto kulia kama jani la mwembe, rudi kwanza kwenye masomo ya kawaida, hutapoteza kitu, kambi utaikuta.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilichagua kambi kwa video. Video ilikuwa kali kweli, jua, muziki, mtu anapaa kama kunguru, na mimi bila hata kujiuliza yule anayepaa ni mwanafunzi au ni kochi mwenyewe nikalipa siku nne. Kufika pale watu wazima tuko sita, tukachanganywa na vijana wa miaka 16, 17, kochi mmoja kwa wote. Kijana wa watu alikuwa fundi hasa wa kuruka ila kufundisha hapana, kila ukimuuliza anakwambia jiamini tu kaka. Siku ya pili mchana akatupeleka kwenye jampu ya saizi ya kati.

Ngoja nikueleze jampu ilivyo, maana hapa ndo penye kilio. Kuna mdomo pale unaporukia, halafu kuna meza ya bapa katikati, halafu meza inaisha kwenye kona, na baada ya kona ndo mteremko wa kutulia. Ukitua kwenye mteremko ni laini, ubao unaendelea kushuka na wewe unaendelea kushuka nao. Ukitua kwenye meza au juu ya kona ni sawa na kuruka toka darini ukaangukia sakafu. Na mtu gani anatua kwenye kona? Muoga. Mtu anayeingia na spidi nzuri halafu hatua za mwisho anashtuka, anakata ubao kidogo kupunguza mwendo. Nilikata. Nikatua kwenye kona kabisa, nikatanguliza mkono wa kushoto, kifundo kikalia tik, nikakaa pale nakiangalia kinavimba wakati vijana wananipita juu wanapiga kelele za furaha.

Kifundo cha mkono ndo mahali watu wa snoubodi wanapoumia zaidi, hasa wanaoanza, kwa sababu miguu imefungwa na kitu pekee kilichobaki cha kujikinga ni mkono. Wiki sita plasta, na kazi yangu ni ya kubeba mizigo.

Ndo nikakaa nikawaza. Kijana wa miaka 16 akianguka anainuka anacheka, mama yake atampikia supu. Sisi Jumatatu tuna zamu, tuna kodi ya nyumba, mgongo wenyewe unajulikana. Lakini fristaili bila kukosea haifundishiki, utakosea mara mia kabla mwili haujaelewa. Sasa kambi ya mtu mzima inachotakiwa kukuuzia ni makosa ya bei rahisi, mengi, kwa siku chache. Kwa hiyo swali la kuwauliza ni moja tu, nitarudia kitu kimoja mara ngapi kwa siku, na nikikosea naangukia nini?

Anza na naangukia nini. Kambi nzuri zina ngazi kabla ya theluji ngumu: trampolini, shimo la vipande vya sponji, jampu inayotua kwenye mto mkubwa wa hewa. Pale Copper Mountain, kama kilomita 120 magharibi ya Denver, wenye kambi wanaoitwa Woodward wana jumba zima wanaloliita The Barn, ndani trampolini na sponji, watu wanajaribu mzunguko ndani kabla ya kutoka nje. Kule Uswisi pia Laax wana jumba la namna hiyo, lipo toka 2010. Ila angalizo, mto wa hewa unadanganya. Ukitua kwa mgongo kwenye mto huumii, ukifanya hivyo mara ishirini mwili unazoea kutua kwa mgongo. Kochi anayejua kazi atakwambia kwenye mto tua kwa miguu, usipotua kwa miguu hiyo haihesabiki.

Halafu nitarudia mara ngapi. Hapa wengi tunaingizwa mjini na ukubwa wa mlima. Mlima mkubwa, lifti ndefu, unapanda robo saa, unafika kwenye paki, ile sehemu ya mlima yenye jampu, reli na maboksi ya kuteleza juu yake, unaruka vitu vitatu, unapanga foleni tena. Ukihesabu kwa siku umegusa boksi mara kumi na mbili. Wenzetu wa Minnesota, na huko Waswahili mpo wengi, wana kilima kinaitwa Hyland Hills hapo Bloomington, hakifiki hata mita 60 toka chini mpaka juu, mtu wa Moshi akikiona atacheka, lakini paki yao ina kamba inayokuvuta, unashika, dakika moja upo juu, unashuka, unashika tena. Kwa saa moja umerudia kuliko mimi siku nzima kwenye mlima wa maana. Ukiwa karibu na kilima cha namna hiyo, kozi ya wikiendi mbili pale naiona bora kuliko wiki nzima ya kambi ya kifahari, najua watu watanibishia ila ndo nimeshasema.

Makochi sasa. Cheti kinatolewa na vyama vya walimu, Marekani AASI, Kanada CASI, Uingereza BASI, na wote wana mafunzo ya pembeni ya fristaili, kwa hiyo muulize kochi ana hiyo ya fristaili au ana ya kawaida tu. Wanafunzi watano sita kwa kochi mmoja inatosha, wakifika kumi ujue utakuwa unapanga foleni. Na muulize siku ya kwanza mtanianzishia wapi. Akikujibu tutaona ukifika mlimani, shukuru, endelea na mwingine.

Kambi yangu ya tatu kochi alikuwa mama mtu mzima, hamsini na kitu, mfupi, miwani imefungwa kamba. Asubuhi ya kwanza alivua glovu yake akaiweka kwenye theluji, mahali karibu bapa, akasema ruka hii. Basi. Unaegemea mkia wa ubao, mkia unapinda, unakurusha, unavuta magoti, unatua na ubao wote kwa pamoja. Glovu moja asubuhi nzima. Jamaa mmoja akanung'unika kwamba amelipa hela zote hizi kuruka glovu, yule mama akamwambia basi iruke bila kuigusa mara kumi mfululizo. Hakufika nne. Mimi niliishia sita.

Mchana ndo tukaenda kwenye boksi, pana kama meza ya kulia, limelala usawa wa theluji, hata ukitoka pembeni umeshuka sentimita chache tu. Pale kwenye boksi ni plastiki, ukilalia ukingo wa ubao kidogo tu ubao unakimbia, unakaa chini na makalio. Kila nilipoanguka nilikuwa naangalia pale nilipoangukia. Akaja akasimama karibu akaniambia, umeangukia hapa lakini umekosea kule, akaonyesha juu kabisa, mita kumi kabla ya boksi, alama yangu kwenye theluji ilikuwa imepinda kidogo. Nilikuwa naingia na ukingo tayari umelala. Tukarudi tukafanyia kazi kule juu tu, kuja, kurukia, chenyewe kile kitendo, na kutua, kila kipande peke yake, na ilipofika saa tisa nilikuwa nalivuka boksi naangalia mwisho wake kama mtu anayevuka daraja. Wiki nzima hakuna aliyeumia, na siku ya nne nikarudi kwenye jampu, ndogo safari hii, na sikukata spidi.

Msimu nao uangalie. Februari Colorado barafu inauma, kila kuanguka kunasikika. Mimi naenda mwisho wa Machi au Aprili, asubuhi bado ngumu, ikifika saa nne saa tano inalainika, mchana inakuwa uji, ukianguka umelowa tu. Wanaotaka kiangazi kuna Mount Hood kule Oregon, kiraka cha theluji cha Palmer hakiishi mapema, wanakimwagia chumvi kishikane, unateleza mwezi wa saba umevaa tisheti, ila unaamka alfajiri maana mchana imeshayeyuka.

Mwinuko usiudharau. Kilele cha Copper ni kama mita 3,750, yaani umepita kidogo kibanda cha Horombo kwenye njia ya Marangu. Wazungu wanatoka Florida kwa ndege asubuhi, mchana wanaruka, jioni wanatapika. Fika siku moja kabla, kunywa maji, lala.

Vifaa sisemi sana. Helmeti lazima, kinga za mkono vaa wakikucheka waache wacheke, na ile kaptula yenye sponji ndani ndo kitu bora kuliko vyote nilivyonunua. Wadada wenye rasta, helmeti ijaribuni mkiwa mmeshasuka. Ubao kodi usinunue, omba wa paki uliolegea kidogo, na waambie wakupunguzie makali ya chuma mbele na nyuma usije ukanasa kwenye reli. Bima isome mpaka kwenye maandishi madogo, zipo za safari zinazokulipia kuteleza ila ukiumia ndani ya paki zinakukana, na bili ya hospitali ya Marekani sitaki kukutisha.

Wa Dubai na mlioko Muscat, pale Ski Dubai pamekuwepo toka 2005, pigeni misingi humo kabla hamjakata tiketi ya Ulaya. Wa Uingereza kuna kumbi za theluji Hemel Hempstead na Manchester, zina jioni za fristaili, mtajua kama mnaipenda kweli au ni ya video tu.

Na lile la kuwa mweusi peke yako kwenye lifti, ndio, utatazamwa. Wamarekani weusi walishalichoka zamani, mwaka 1973 Ben Finley na Art Clay waliwakusanya wenzao Aspen na chama kikazaliwa hapo, leo kinaitwa National Brotherhood of Snowsports, kina vilabu miji mingi. Mimi kupitia klabu ya hivyo nilipata watu wa kugawana nao chumba, na mafuta ya gari.

Ile kambi ya tatu nilivyoipata, niliandikia kambi nne sentensi mbili: nina miaka 35, nilivunjika kifundo kwenye jampu ya kati, nitarudia mara ngapi kwa siku na naangukia nini. Mbili hazikujibu. Moja ikanitumia video. Ya nne yule mama alinipigia simu mwenyewe, hakugusia bei wala tarehe, akaniuliza ulivunjika mkono upi, na kwenye ubao unatanguliza mguu gani.