Anga, angahewa, anga-nje na mbingu: lipi litumike wapi?

SWALI: Nimeandika makala fupi kuhusu nyota na sayari. Mhariri amebadilisha "mbinguni" kuwa "angani" kila mahali, na "anga la usiku" kuwa "anga ya usiku". Je, nilikosea? Na "anga-nje" ni kitu kingine, au ni jina jingine tu la anga?

JIBU: Kwa badiliko la kwanza mhariri ana haki. Kwa la pili amefanya uchaguzi tu, hajasahihisha kosa.

Katika falaki, yaani sayansi ya nyota na sayari, anga ni kile unachokiona juu yako kuanzia upeo wa macho hadi utosini na kushuka tena upande wa pili. Ni kama kuba ambalo nyota zote zimebandikwa ndani yake, ziwe za karibu au za mbali. Kwa hiyo umbali wa angani hupimwa kwa digrii, si kwa kilomita. Toka upeo wa macho hadi utosini ni digrii 90. Mwezi mpevu una upana wa takriban nusu digrii. Hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Ukiandika "sayari hizi mbili zimekaribiana angani", umesema jinsi zinavyoonekana, hujasema zilipo. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilionekana zikiwa karibu mno, zikitengwa na kama sehemu moja ya kumi ya digrii. Wakati huohuo kati ya sayari hizo palikuwa na zaidi ya kilomita milioni 700. Angani zilikaribiana, katika anga-nje hazikukaribiana hata kidogo. Sentensi yoyote inayochanganya maneno hayo mawili itampotosha msomaji, hata kama sarufi yake haina dosari.

Basi anga-nje si jina jingine la anga. Ni eneo halisi lililo nje ya angahewa ya Dunia, ambako satelaiti husafiri na ambako umbali hutajwa kwa kilomita. Hakuna ukuta unaoonyesha linapoanzia, ila kwa desturi hutajwa kimo cha kilomita 100. Wengine huandika "anga za juu" au "anga ya nje". Yote yanaeleweka, lakini "anga za juu" lina udhaifu wake, kwa sababu msomaji anaweza kudhani ni mahali zinapopita ndege, yaani kimo cha kilomita 10 hadi 12. Pia usiongeze -ni mwishoni mwa anga-nje. Sema "katika anga-nje". Majina rasmi yaache yalivyo: Kituo cha Anga cha Kimataifa huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 400, lakini hatukiiti kituo cha anga-nje kwa ajili ya kunyoosha istilahi.

Angahewa halina utata. Ni anga na hewa, yaani gesi zinazoizunguka sayari. Mirihi ina angahewa nyembamba, Zuhura ina angahewa nzito. Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwamba kimondo "kiliwaka katika anga-nje". Hilo ni kosa la fizikia kabla halijawa la lugha. Kimondo huwaka kwa sababu kinakutana na hewa kwa kasi kubwa, kwa kawaida kwenye kimo cha kama kilomita 75 hadi 100. Andika "kiliwaka katika angahewa" au, kwa mtazamaji aliye chini, "kilionekana angani". Zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti.

Sasa mbingu. Neno hili si baya, na katika ushairi "nyota za mbinguni" hakuna wa kulikataa. Lakini kwa wasomaji wengi mbinguni ni makao ya Mungu kabla ya kuwa mahali pa nyota, kwa hiyo katika makala ya sayansi "chombo kimefika mbinguni" kitawachekesha watu. Kisarufi, mbingu lilikuwa wingi wa uwingu, kwa kanuni ileile inayotoa mbavu kutoka ubavu. Umoja huo umesahaulika, ndiyo maana tunasikia "mbingu zimefunguka" na pia "mbingu imefunga". Wingu na mawingu ni jamaa zake.

Kuhusu ngeli: anga hutumiwa katika I-/ZI- (anga ya usiku) na katika LI- (anga la usiku). Biblia ya Kiswahili ya Union ina "Na liwe anga", kwa hiyo LI- haikuzuka jana magazetini. Mimi hupendelea I-/ZI-, kwa kuwa wingi wake, "anga za mbali", unakubalika masikioni, ilhali "maanga" husikika kwa nadra. Hata hivyo chagua moja uishike mpaka mwisho. Kosa halisi ni "anga la usiku imejaa nyota", na hulikuta hata katika vitabu vilivyohaririwa. Ukitumia angani, upatanisho unageuka kuwa wa mahali: "angani kunaonekana nyota", "angani kumetanda wingu".

Kuna tofauti ya eneo inayofaa kukumbukwa. Nchini Kenya utabiri wa mvua na jua huitwa mara nyingi utabiri wa hali ya anga. Tanzania husema hali ya hewa. Ukiandika "hali ya anga ilikuwa mbaya" ukimaanisha kwamba nyota hazikuonekana vizuri, wengine watafikiri mvua ilinyesha. Sema wazi: anga ilikuwa na mawingu, au anga haikuwa safi.

Na kwa kuwa makala yako ni ya nyota, angalia pia watu wake. Anayechunguza nyota kwa darubini ni mwanafalaki. Anayesafiri katika anga-nje ni mwanaanga. Mnajimu kwa wasomaji wengi wa leo ni mtabiri wa nyota, hivyo usimwite mwanasayansi jina hilo usije ukamuudhi.