Kona ya Pikipiki: Ringi ya spoku inavaa tyublesi?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Buzuruga hapa Mwanza, natumia Boxer ya ringi za spoku. Pancha zimenichosha, kila wiki lazima, na abiria wangu wengi ni wa Kishiri na Kisesa, sasa ukidondokewa na pancha kule saa nne usiku ndo unasukuma. Jamaa wa hapa kijiweni anasema unaziba matundu ya spoku kwa silikoni, unatupa tyubu, unafunga tyublesi kama gari. Ni kweli au nataka kupigwa?
Dereva, Buzuruga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa yako hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari, tena ile nusu rahisi.

Tyubu ikichomwa msumari upepo hautokei kwenye kitundu cha msumari tu, unakimbilia pia kwenye matundu ya spoku na pale pembeni ya valvu, ndo maana muda si mrefu uko chini. Tyublesi upepo umefungiwa kati ya tairi na ringi yenyewe, hakuna pa kukimbilia, msumari ukiingia mara nyingi unabaki umeziba tundu lake na upepo unavuja taratibu, unamfikisha abiria na unarudi. Kuziba kwenyewe ni kuchomeka utambi wa raba kutokea nje bila hata kushusha gurudumu. Kwahiyo tamaa yako naielewa kabisa.

Kuziba matundu nako kunawezekana, watu wanafanya. Ringi ya spoku mara nyingi ina matundu 36 na yote lazima yazibwe moja moja. Kwanza ringi inyooshwe na spoku zikazwe kabisa, maana ukishaziba halafu spoku ikalegea ukaikaza, umeshakata ile gundi na upepo unaanza kutoka. Ncha za spoku zilizozidi zinapigwa tupa, kutu inasuguliwa kwa msasa, mafuta yanafutwa kwa thina, ndo gundi inawekwa juu ya kila nati na inaachwa ikauke sawasawa, siyo unaweka saa tatu saa tano ushapakia. Juu yake inapita utepe wa kuziba, unaishia bondeni tu, yaani lile bonde la katikati ya ringi, usipande pale ukingo wa tairi unapokaa. Valvu inabadilishwa inafungwa ya tyublesi. Na ile silikoni ya madirisha inayonuka kama siki achana nayo, hiyo asidi yake inakula chuma.

Sasa kesi yenyewe iko hapa, na huyo jamaa hakukwambia. Siku ukifungua tairi, pitisha kidole ndani ya ringi kuanzia ukingoni kwenda katikati. Utakuta kasehemu bapa, hapo ndo ukingo wa tairi unakaa, halafu bonde. Kwenye ringi ya tyublesi, kabla ya kuangukia bondeni kidole kinapanda katuta kadogo, kanazunguka ringi yote. Ringi ya tyubu nyingi hazina hako katuta, kidole kinateleza moja kwa moja mpaka bondeni. Kazi ya hako katuta ni kushikilia tairi isiachie upepo ukipungua. Bila hako, upepo ukishuka na wewe unalala kwenye kona, ukingo wa tairi unadondokea bondeni, upepo wote uliobaki unatoka kwa mpigo na tairi inaanza kucheza kwenye ringi kama kandambili iliyokatika kamba. Hapo umempakia mama na mtoto unashuka Igoma, utafanyaje?

Angalia na maandishi yaliyogongwa kwenye ringi. Ukiona herufi MT karibu na saizi, hiyo imetengenezwa kwa tyublesi. Ukiona WM, au namba za saizi tu, mfano 1.60x17, ichukulie ni ya tyubu mpaka kidole kikuhakikishie vingine. Ringi za spoku za bodaboda ninazofungua mimi nyingi hazina katuta, kwahiyo kwa Boxer yako jibu langu ni hapana, hata kama fundi ana gundi ya meli.

Na msiniletee picha za yale mapikipiki makubwa ya BMW GS mkasema mbona ile ina spoku na ni tyublesi. Ile spoku zake zimeshikwa kwenye kingo za ringi, nje ya sehemu ya upepo, wala hakuna tundu la kuziba. Tofauti kabisa na hizi zetu.

Ukitaka tyublesi kweli, tafuta ringi za spoti, zile zisizo na spoku, zinazoingia kwenye pikipiki yako, ukilinganisha breki, beringi, ekseli na sproketi kabla hujatoa hela. Hata hizo pitisha kidole kwanza, maana zipo za spoti zinazokuja na tyubu. Na ujue ringi ya spoti ikidumbukia shimo kubwa na mishikaki juu inaweza kupasuka, wakati ya spoku inapinda unaipeleka kwa fundi inanyooshwa. Kama wewe ni wa lami, sawa, nunua. Kama unabeba magunia ya dagaa toka Mwaloni kupeleka vijijini kwenye vumbi na mawe, mimi ningebaki na spoku.

Ila kabla ya yote, mdogo wangu, pancha kila wiki siyo msumari huo. Siku nyingine fundi akitoa tyubu usimwachie azibe tu, angalia tundu liko upande gani. Likiwa upande unaotazama ringi, ni ncha ya spoku inachoma, au ile kanda ya mpira inayofunika spoku imechanika au fundi aliisahau, na hiyo ni bei ya soda tu. Yakiwa matundu mawili yamekaa sambamba, upepo ulikuwa mdogo na tyubu imebanwa na ringi ulipopiga shimo. Likiwa upande wa lami, haya, huo ni msumari, na pengine tairi imeisha meno unaendelea tu kuivuta.

SWALI: Nimenunua tairi mpya imeandikwa TUBELESS, fundi hapa Sengerema kanifungia na tyubu ndani. Kaniharibia?
Mwalimu, Sengerema

JIBU: Hapana mwalimu, kafanya sawa kama ringi yako ni ya tyubu. Tairi ya tyublesi inakubali tyubu, ila tairi iliyoandikwa TUBE TYPE usiifunge bila tyubu, haina ule utando wa ndani wa kuzuia upepo, itakuwa inakulegea kila asubuhi. Muulize tu kama alitoa stika za karatasi zilizobandikwa ndani, maana zinasugua tyubu mpaka inatoboka. Kama hakutoa, mrudie azitoe.